Barua kwa Mwanangu Aliyesomea Nyumbani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo. Magoti ya babako yametulia tangu mvua zikatike, na paka wako wa zamani bado anakula kuliko sisi.

Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule, nikausoma tena asubuhi nikiwa na kikombe cha chai. Umeuliza kwa nini wewe tulikutoa shule ukasomea nyumbani, ilhali mdogo wako alipotaka kwenda tulimwacha aende. Ukauliza pia kama haya uliyo nayo sasa, ya kuona tabu kukaa na watu wa rika lako na ya bosi wako kukuita mbishi, ndiyo matokeo yake. Na mwisho kabisa, kama mtu anayepitisha jambo mlangoni akiwa ameshavaa viatu, ukauliza umfanyie nini mwanao, kwa kuwa mumeo anataka aanze PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea, mwezi wa kwanza. Ulitaka nikujibu kwa sauti. Nilijaribu, nikajisikia nazungukazunguka, nikafuta. Kwa kalamu nitakwenda vizuri zaidi.

Nianze na mwaka 2003, maana ulikuwa mdogo, na unachokijua umesimuliwa na shangazi zako, ambao kila mmoja ana kisa chake. Januari ya mwaka huo serikali mpya ya muungano wa vyama wa NARC ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto waliokuwa madarasani walikuwa milioni 5.9 mwaka uliotangulia, wakafika milioni 7.2. Lilikuwa jambo la heri, na sitaki mtu anisikie nikilisema vibaya. Mimi nilikuwa mwalimu, nilishawahi kuamrishwa kusimama mlangoni na kurudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawajalipa, na wengine nikiwajua mpaka walichokula jana. Hata yule mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeanza darasa la kwanza mwaka uliofuata akiwa na miaka 84, alipata nafasi hiyo kwa sababu karo ilifutwa. Nchi nzima ikimpigia makofi mzee anayeingia darasa la kwanza, mimi nilikuwa nimeshamtoa mwanangu. Unaweza kufikiria maneno niliyoambiwa.

Lakini walimu hawakuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Darasa langu lilipita watoto themanini. Lako, katika shule nyingine, lilikuwa hivyo hivyo, watano kwenye dawati la watatu. Siku moja nikafungua daftari lako la hesabu. Saba jumlisha nane, umeandika kumi na nne, na pembeni tiki nyekundu imepanda mpaka mstari wa juu. Chini yake tisa jumlisha tano, kumi na nne tena, na tiki ile ile. Sikumlaumu mwalimu wako. Mwenye madaftari themanini mezani huvuta tiki kutoka juu hadi chini kwa mkono mmoja, na mkono wangu mimi mwenyewe ulishaanza kuuzoea mwendo huo.

Kilichonitisha ni wewe. Nilikuwekea vijiti vya kiberiti saba, nikaweka vinane pembeni, nikakwambia hesabu. Ukapata kumi na tano. Ukahesabu tena, kwa kidole, ukivisogeza kimoja kimoja: kumi na tano. Kisha ukaniangalia usoni ukasema jibu ni kumi na nne, mwalimu ametia tiki.

Ulikuwa na miaka sita. Nilimweleza babako usiku huo. Yeye alikuwa akilini mwake anahesabu mshahara wangu unaoondoka, na ana haki, maana mshahara wa karani wa bandarini peke yake haukuwa wa kuchezea. Tulibishana mpaka muhula ukaisha. Mwishowe akasema jaribu mwaka mmoja. Nikaacha kazi, nikawa nafundisha tuisheni jioni watoto wa mtaani, wewe nikikushika asubuhi.

Aliyekataa kabisa alikuwa bibi yako, Mungu amrehemu. Watu hudhani wazee ndio wangefurahi msichana kukaa ndani. Yeye alizaliwa wakati ambapo binti wa Mji wa Kale akishavunja ungo haonekani barabarani, na shule ya serikali aliisikia tu kwa kaka zake. Alisoma Kurani, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, basi. Alinikalia kitako pale barazani akaniambia: "Sisi tulifungiwa na wazee wetu. Wewe wamekufungulia, wamefuta mpaka ada, halafu unamfungia mtoto kwa mkono wako?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba huyu hatafungiwa, na kwamba kusomeshwa nyumbani si jambo lililoletwa na Wamarekani. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mzima wa mawaidha mwaka 1858 kule Pate, na bintiye hakuwa na darasa wala dawati. Bibi akanijibu kwamba Mwana Kupona alikuwa mgonjwa anayeona kifo, mimi nina ugonjwa gani? Huyo ndiye bibi yako. Na shangazi zako nao hawakukosa la kusema. Kila mmoja alikuja na ile ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, bila kuona kwamba methali hiyo ilikuwa upande wangu.

Bibi alikubali pale tu alipopata kazi. Unakumbuka? Kila asubuhi ulimsomea Taifa Leo, kuanzia kurasa za mbele mpaka barua za wasomaji, naye amelala chali na kanga usoni. Ukitamka vibaya anatoa kanga. Ukisoma neno usilolijua anakuuliza maana yake kama vile yeye ndiye hajui. Habari za bungeni alizipenda kuliko za misiba. Kiswahili chako ambacho wenzako ofisini wanakutuma kuandika barua za wateja, mimi sikukufundisha. Alikufundisha mwanamke ambaye herufi hizo za gazeti hakuweza kuzisoma.

Na ile ya maji. Nadhani hiyo ndiyo ulikuwa ukiipenda. Tuliteremka zile ngazi za Leven pale bandari ya kale, ukahesabu ngazi zilizofunikwa na maji, ukaandika saa. Kesho yake tena. Baada ya siku kadhaa ukaja mbio kuniambia bahari inachelewa, kila siku inachelewa kwa muda unaokaribia dakika hamsini. Sikukueleza sababu. Ulikwenda kuwauliza wavuvi, wakakwambia habari za mwezi, za bamvua na maji mafu, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hupanda sana na kupwa sana, na katikati yake hulala. Hawakuwa na muda mwingi, lakini hakuna aliyekufukuza. Ukarudi ukachora mwezi kwenye daftari pembeni ya namba zako na ukaona kweli zinafuatana. Mvuvi mmoja alikwambia jambo ambalo namba zako zilikataa, ukamwambia. Alicheka akakupa samaki wawili, changu.

Sasa njoo kwenye hilo la bosi wako. Unasema kwenye kikao aliwaonyesha jedwali la malipo ya bima, wote wakaitikia kwa kichwa, wewe ukainua mkono ukasema jumla ya safu ya tatu haiji. Akakuita pembeni akakwambia una tabia ya kubisha, na wewe ukaja kwangu ukauliza kama ni kwa sababu hukulelewa na shule. Ndiyo mamangu, ni kwa sababu hiyo. Hilo nililikusudia. Miaka yote ile sikutaka kingine zaidi ya kwamba ukihesabu ukapata kumi na tano, useme kumi na tano, hata tiki iwe nyekundu kiasi gani. Unaweza kujifunza kusema kwa sauti ya chini zaidi, na pengine kumwandikia kabla ya kikao asije akaaibika mbele za watu. Hiyo ni adabu na haina umri wa kujifunza. Lakini usiniombe nisikitike kwamba unahesabu.

Rika ni jambo jingine, na hapo sitakudanganya. Mkenya akikutana na Mkenya, kabla hajajua baba yako nani, anauliza ulisoma shule gani. Ukimtajia shule anakujibu na ya kwake, mnaanza habari za bweni, za githeri yenye mawe, za jinsi mono wa kidato cha kwanza alivyotumwa maji usiku, za siku ya kutembelewa na kuku aliyeletwa na nani. Wewe unacheka pamoja nao na hujui unachekea nini. Umenisimulia ile fomu ya kazi, palipoandikwa shule ya msingi ukajaza "nyumbani", na yule afisa akakupigia akidhani umekosea mstari. Hakuna kundi la WhatsApp la waliosoma nawe. Harusi yako upande wa marafiki ulijaza watu wa umri wa mama yako, na mimi niliona, usidhani sikuona.

Hili nililijua kabla sijakutoa. Nilikuwa mwalimu, nilishawatazama watoto uwanjani kwa miaka. Asubuhi wanagombana mpaka wanararuana mashati, saa nne wanagawana mhogo. Hakuna mtu mzima aliyewapatanisha. Wanajifunza kwamba mtu anaweza kukuudhi sana, akawa si ndugu yako wala humdai kitu, na bado kesho mkacheza. Nyumbani huwezi kufundisha hilo. Mdogo wako akikuudhi nilikuja mimi; binamu zako wakikuudhi alikuja bibi. Chuoni kwa maalimu mlikaa wengi, na nilikupeleka huko kila alasiri kwa sababu hiyo pia, lakini chuoni mtoto ana Kurani mbele na bakora nyuma, hana nafasi ya kugombana kwa raha. Wale wa tuisheni walikuja jioni wamechoka, wanataka wamalize waende. Basi umekua ukijua kuzungumza na mvuvi, na kadhi, na mwenye duka la vitambaa Biashara Street, na hujui la kufanya mwenzako wa dawati la pili anapokununia siku tatu. Unadhani urafiki umekufa. Haujafa. Amenuna tu.

Nililipa bei hiyo nikiijua, na ningeilipa tena kwa mtoto yule katika mwaka ule. Wewe ndiye uliyeitoa mfukoni mwako, hilo ni kweli, na una haki ya kulalamikia. Lakini si kila kitu ni bei. Umenyamaza tangu ulipozaliwa. Wakunga walikupiga mgongo mara mbili ndipo ukalia, na ukalia kidogo. Babako amesoma shule tangu chekechea mpaka kidato cha nne, na akialikwa harusini hukaa karibu na mlango. Ukiondoa shule, ukiweka shule, kuna kipande cha wewe ambacho ni cha babako tu.

Ndiyo maana swali la mdogo wako lina maana. Yeye alinijia akiwa na miaka kumi akasema anataka sare. Si kusoma, sare! Alikuwa amechoka kuwaona wenzake wakipita asubuhi wamevaa namna moja. Mtoto anayetaka umati huwezi kumkalisha na bibi na gazeti, angevunja nyumba. Alikwenda, akafanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akaenda shule ya bweni, akajifunza kuamka saa kumi na nusu usiku na kuoga maji baridi bila kulalamika. Ana marafiki kila mji. Gari likimharibikia Voi usiku wa manane kuna mtu wa kumpigia. Na mtu huyo huyo hawezi kukaa chumbani peke yake kwa saa moja. Akija hapa sisi tukienda kuswali hufungulia televisheni na redio pamoja. Juzi aliniambia anakuonea wivu, jinsi unavyoweza kukaa na kazi usiku kucha bila mtu kukusimamia. Sijui kama alishakwambia mwenyewe. Nyie hamwambiani kitu.

Ile corona ilipofunga shule zote mwezi wa tatu 2020, na watoto wengi wasirudi mpaka Januari 2021, simu yangu haikupumzika. Wale wale waliosema nimekuharibu wakawa wanauliza, "Ulikuwa unafanyaje?" Wakituma kazi za WhatsApp, mtoto anapiga picha jibu, anarudisha, mzazi anapiga kelele. Niliwaambia hiyo si shule ya nyumbani, hiyo ni shule iliyofungwa ikaja kwako bila kukuuliza. Hawakunielewa, na sikuwalaumu. Kila mtu alikuwa na hofu yake.

Mitihani sitairudia, wewe unaijua kuliko mimi. Ada ya IGCSE, ile mitihani ya Kiingereza ya sekondari, kwa kila somo ilitutoa jasho, na ile karatasi mbadala ya majaribio ya kemia, tukijifunzia jikoni kwa siki na magadi mpaka sufuria ya bibi ikatoboka. Kisha ukaambiwa vyeti vilinganishwe, kisha ukapitia diploma ndipo ukaingia shahada. Njia ndefu. Wenzako walikutangulia kidogo, na leo hakuna anayeuliza.

Sasa mjukuu wangu. Mumeo anataka PP1, na wewe moyo unakuvuta upande wangu, ila unaogopa. Nitakwambia wazi: mpeleke.

Usishangae. Kwanza kuna sheria. Tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, na shule ya nyumbani haina mlango uliofunguliwa wazi humo. Wapo wanaofanya, wengi tu, Nairobi hasa, na mwaka 2019 huko magharibi baba mmoja alikamatwa kwa ajili hiyo. Sisi tulipoanza hakuna aliyetujali. Lakini hata sheria ingekuwa upande wako, ningekwambia vile vile. Uliposomea nyumbani, nyumba hiyo ilikuwa na mimi siku nzima, mwalimu mwenye cheti. Ilikuwa na bibi kwenye baraza, na baraza lina watu kuanzia muuza kahawa mpaka mwana wa kadhi. Ilikuwa na chuo mtaa wa pili, na bahari chini ya ngazi, na wavuvi ambao hawakuwa na haraka. Wewe unakaa ghorofa ya nne Nairobi, geti lina mlinzi, jirani yako wa mkabala humjui jina, na mnatoka wote wawili saa kumi na mbili asubuhi. Ukimweka mtoto humo na kompyuta na dada wa kazi, hutakuwa umefanya nilichofanya mimi. Utakuwa umefanya kile alichokiogopa bibi.

Mpeleke, na uwe unafungua daftari lake. Si kila siku, atakuona mpelelezi. Lakini lifungue, na ukiona tiki uhesabu mwenyewe. Jumamosi mlete mtu mmoja mzima nyumbani kwenu ambaye si wa ukoo, yule mama wa ofisini rafiki yako kwa mfano, mtoto amsikie akizungumza. Na likizo ya Desemba mlete huku. Ngazi bado zipo, ingawa siku hizi kuna taka na lazima umshike mkono. Uanze wiki ya mwezi mpevu, ndipo atakapoona tofauti haraka.

Halafu huyo mwenzako aliyenuna, mnunulie chai kesho, usimuulize kitu.

Babako amesoma barua hii juu ya bega langu. Anasema nimemsingizia kuhusu harusi na mlango, na kwamba yeye ndiye aliyesema mwaka mmoja ili nikome, hakujua kama itakuwa kumi na mmoja. Anataka akueleze mwenyewe. Mpigie baada ya isha, ila uwe umeshakula, maana akianza habari za bandarini hamalizi.

Mamako akupendaye.